Upepo wa Baba Mkwe

Wifi yangu ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kazi yake kubwa, ukiondoa maneno mazuri, ni kuwauliza watu wazima kama wamejamba. Wanafunzi wake, wauguzi waliorudi chuoni kuongeza ngazi, wamembandika jina la Sista Upepo. Analijua na anaitika. Ukila naye chakula lazima usikie habari za matumbo ya watu, na ukikunja uso anakuuliza choo ulienda lini.

Somo lake ni fupi. Utumbo ukishikwashikwa na daktari, anasema, unasusa. Unalala, hausukumi kitu mbele, na chochote utakachompa mgonjwa kinakaa palepale kinachacha. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hapewi hata uji mpaka utumbo uamke, na dalili ya kuamka ni upepo. Ukipita, wodi nzima inapiga makofi.

Basi baba yangu akapasuliwa. Utumbo wake ulikuwa umejisokota, wakakata kipande kilichokufa na kuunganisha kilichobaki. Akalazwa wodini kwa nani? Kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu.

Inabidi umjue baba. Ni fundi suti mstaafu, mtu asiyefungua mlango wa mbele bila tai. Tangu siku ya harusi, yeye na wifi wanasalimiana wakitazama sakafu, na wifi akiingia sebuleni baba anakumbuka jambo uani. Mwanamke asiyeogopa tumbo la mtu yeyote, mbele ya baba anakuwa bibi harusi upya. Na sasa baba huyo alikuwa amevalishwa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akininong'oneza kwamba aliyelishona alikuwa na haraka zake.

Aliyemponza ni jirani yake wa kitanda, muuza mkaa, aliyepasuliwa siku moja naye. Asubuhi ile muuza mkaa alitoa upepo uliowaamsha waliolala. Makofi yakapigwa, uji ukaletwa, akaunywa taratibu huku akimwangalia baba. Baba akavumilia mpaka muuguzi wa zamu alipomfikia na kumuuliza kama na wake umepita.

"Umepita," baba akasema, macho kwenye birika la uji.

Muuguzi akamwamini, maana nani angemdhania mzee kama yule? Akammiminia kikombe na kukiweka kando kipoe.

Ndipo wifi akaingia na wanafunzi wake. Alisimama miguuni pa kitanda, akaona jinsi shuka lilivyoinuka tumboni, akamsikia baba akipata kwikwi, na uso ukambadilika. Namjua wifi yangu. Aliogopa.

"Wifi," akaniambia mimi, akitazama sakafu, "hebu muulize baba ulipita saa ngapi."

"Baba, mkweo anauliza saa ngapi."

"Mwambie alfajiri." Kwikwi.

"Anasema alfajiri."

"Muulize kama kuna mtu alisikia."

"Mwambie," baba akasema, akiweka sawa kola ambayo gauni halikuwa nayo, "mtu mwenye heshima zake hatoi kwa kelele."

Muuza mkaa akaacha kunywa. Wanafunzi wakatazama dari. Mimi nilisimama katikati kama simu mbovu, nikirudia maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

Wifi akaniomba nimwombee ruhusa ya kusikiliza tumbo. Baba akaruhusu na kugeukia ukutani. Wifi akafuata utaratibu anaowafundisha: kwanza macho, halafu masikio, mikono mwisho. Akaweka kipimo cha kusikilizia pembe zote nne za tumbo, akikaa kila pembe hadi wanafunzi wakaanza kubadilisha miguu. Hakuna muungurumo hata mmoja. Akagonga kwa kidole, likalia kama debe tupu. Baba akanyoosha mkono na kuchukua kikombe chake.

Nilimwona wifi akipigana na nafsi yake. Akinyamaza, baba anakunywa, tumbo linazidi kujaa, anatapika, na ule mshono wa ndani unaweza kuachia. Kwa umri wake, kupasuliwa tena ni kumkabidhi kwa Mungu. Akisema, anamwita baba mkwe mwongo hadharani. Kikombe kilikuwa kimefika kidevuni.

Akakidaka, pamoja na mkono wa baba.

"Baba," akasema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza, "hujajamba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ndani kuna mshono mbichi," akaendelea. "Ukivutwa, wewe fundi unajua kinachotokea. Sitaki kukuzika kwa ajili ya uji."

Baba akapata kwikwi nyingine. Polepole akaachia kikombe.

"Mwambie," akaanza kuniambia, kisha akaghairi na kumgeukia mwenyewe. "Ni kweli, haujapita. Nina njaa, mama, na yule bwana alikuwa ananitazama."

"Pole, baba."

Daktari akaitwa, wakapitisha mpira puani kunyonya hewa na maji yaliyojaa tumboni. Tumbo likashuka, kwikwi zikakoma. Kesho yake, daktari aliporidhika, wifi akamwamsha wakatembee kwenye korido, maana mwendo nao huuchokoza utumbo uamke. Baba alishika mkono wa wifi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akabana gauni nyuma. Mimi nilifuata na shuka, nikiziba yaliyomshinda.

Walipofika karibu na sinki, baba akasimama ghafla. Nilidhani amezidiwa. Kumbe.

Ulianza kwa unyenyekevu, ukapanda, ukatua kidogo, ukaendelea. Mfagiaji aliyekuwa mbele yetu akaegemea ufagio na kusubiri uishe. Baba hakutazama sakafu.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba," wifi akasema, machozi yakimtoka huku anacheka.

Mimi, kwa mazoea, nikasogea. "Baba, wifi anasema amesi..."

"Wewe nenda nyumbani ukapumzike," baba akaniambia bila kugeuka. "Sisi tunazungumza."