Siki ya Mama Kizibo

Hasira ilimpanda Mama Kizibo tangu saa tatu asubuhi, na sioni atakayemlaumu kwa hilo.

Miaka kumi na minane alikuwa akiutangaza mvinyo wa kampuni moja, na kazi hiyo ilimlia ujana wake wote. Alianzia kwenye kona ya duka kubwa, akiwa na meza ya kukunja na vikombe vya plastiki, huku wapita njia wakimwona mlevi anayelipwa mshahara. Hata mama yake mdogo alimwona hivyo. Alielezwa mara mia kwamba mwonjaji hamezi, anasukutua na kutema kwenye ndoo, naye akajibu, "Hata walevi hutapika, mwanangu."

Baadaye alipewa chumba juu ya ghala, akawa anafundisha watu kila Jumamosi. Somo lake la kwanza halikuwa zabibu. "Ulimi ni wako," aliwaambia. "Mvinyo ukiwa mbaya, sema mbaya. Usimwogope mtu kwa tai yake shingoni."

Sasa alikuja Meneja mpya, aliyetoka kuuza rangi za nyumba, akarundika shehena nzima ya mvinyo uani, chini ya bati. Jua likaichoma miezi mitatu. Mama Kizibo alimwandikia barua mbili za kumwonya. Zote zilimezwa na droo. Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, alifungua chupa ya kwanza, ya pili, ya tano. Siki tupu.

"Waambie ndiyo ladha yake," Meneja alisema. "Wanajua nini hao? Ukisema wewe, yameisha."

"Siwezi kuwaambia hivyo."

"Basi Jumatatu natafuta anayeweza."

Angeondoka palepale ningemsifu. Lakini alijikaza kisabuni, akapanda ngazi, akawamiminia watu kumi na wawili, akawaambia kwa sauti yake ya kila Jumamosi kwamba ukali ule ni wa mvinyo uliokomaa. Kila neno lilimkera likimtoka. Watu wakaonja, wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa.

Fundi cherehani mmoja, mama mnyamavu ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kukosa somo, alirudisha glasi mezani polepole.

"Samahani, mwalimu. Mimi naona kama siki. Labda ulimi wangu umeharibika, nilikuwa na mafua."

Damu ilimchemka Mama Kizibo. Alimchukia Meneja, akajichukia mwenyewe zaidi. Miaka miwili amemfundisha mtu kuuamini ulimi wake, kisha kwa sentensi moja amemfanya aushuku.

"Temeni," alisema. "Wote. Mama, ulimi wako mzima. Hii ni siki. Imeharibikia juani, nimejua tangu asubuhi, na nimewadanganya."

Meneja, aliyekuwa mlangoni, alimwita kwa ukali. Hakugeuka. "Jumatatu mlete muuza rangi mwenzako," alimjibu.

Ndoo ilizunguka mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka wala kumpongeza. Fundi alijifuta midomo kwa leso.

"Na ule mwekundu wa mwaka jana? Ulituambia ni mzuri, nikaununua kwa harusi ya binti yangu."

"Ule ulikuwa mzuri kweli, mama."

Fundi alichukua mkoba wake.

"Hata leo ulisema hivyo, mwalimu," alisema kwa upole, akashuka ngazi.