Mwaka Baba Alipokaa Nyumbani

Harufu ya shelisheli linaloungua ganda bado hunirudisha Mvouni, kwenye jiko la Koko, yaani bibi yangu mzaa baba. Lilikuwa jiko la mabati lililoegemea ukuta wa mawe meusi, na moshi wake ulikuwa mzito kwa sababu kuni za kule juu hazikauki sawasawa. Shelisheli lilitupwa zima kwenye makaa, likageuzwageuzwa mpaka likawa jeusi kama jiwe la volkano, kisha Baba akalipasua kwa panga na ule mvuke mtamu ukatupiga usoni. Nilikuwa na miaka tisa. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona baba yangu akishika panga wala akikaribia jiko.

Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Moroni. Asubuhi alitoka na shati lililopigwa pasi, mchana alirudi kula, na kuanzia alasiri alikuwa bangweni, uwanja wanapokaa wanaume, mpaka usiku. Nilimjua zaidi kwa kikohozi chake mlangoni. Halafu uhuru ukaja, na baada ya uhuru mapinduzi, na siku moja Baba akarudi kabla ya saa nne, kalamu ingali mfukoni. Alimwambia Mama kwamba makarani wote wamerudishwa nyumbani, na kwamba vijana wa kamati za mapinduzi wameyachoma makaratasi ya ofisi uani huku wakiimba. Kisha akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Mama alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, na huku Ngazija, ambako nyumba huwa ya mke, hakuwa na yake. Tulipanga vyumba viwili, na mwenye nyumba hakutusubiri. Tukapanda mlima kwenda kwa Koko.

Koko hakutupokea vibaya, lakini hakutupokea kwa furaha pia. Mwanawe alioa kisiwa kingine bila kumuuliza, na kila Mama alipofungua kinywa, Koko aligeuka kwangu kuniuliza amesema nini, ingawa Kinzuani chake alikielewa vizuri tu. Mama alikuwa na mimba na miguu ilimvimba. Wali tuliusahau. Baba alilima majimbi kwa mikono iliyotoka malengelenge, na wanaume wa kijiji walipita wakimtazama bila kusema neno, jambo ambalo nadhani lilimuumiza kuliko kama wangecheka. Mara kwa mara alishuka Moroni kwa miguu kuulizia kazi, akarudi jioni akisema hakuna jipya. Baada ya muda tukaacha kumuuliza.

Na bado mwaka ule ndipo nilipompata baba. Alinichukua kwenda shambani, akanionyesha jinsi ya kukinga maji ya mvua kwa mgomba uliopasuliwa katikati, kwani kule hakuna mto wala kisima. Mvua ikinyesha tulitoka sote na masufuria, Baba akiwa kifua wazi, akipokezana nami ndoo na kunimwagia kichwani kwa makusudi. Alikuwa na kicheko chembamba kama cha mtoto. Nilishangaa kwamba kitu kile kilikuwa ndani yake siku zote.

Koko alikuwa na ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba. Asubuhi moja Koko aliamka mgonjwa, Baba akaenda kukamua, na ng'ombe akampiga teke, kibuyu huku, Baba kule. Mama, mtoto wa mji wa mawe ambaye hakuwahi kugusa kiwele, alivua kandambili, akachutama kwa shida na tumbo lake, akamwimbia yule ng'ombe wimbo wa kubembelezea watoto wa kwao. Maziwa yakashuka. Koko alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika shuka yake ya shiromani. Alitazama mpaka kibuyu kilipojaa, ndipo akasema, "Kumbe huyu ng'ombe naye ni mtu wa Nzuani." Mama alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Jioni tulikula shelisheli kwa maziwa yaliyoganda, na Koko akamwekea Mama bakuli la kwanza.

Siku zilipokaribia, Mama akataka kuzalia nyumbani kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Baba alihangaika kupata ruhusa ya kusafiri, akapata ya mke na mtoto tu. Tukavuka mimi na Mama. Huko Mutsamudu alijifungua mtoto wa kiume, mdogo sana, aliyelia kidogo na kunyonya kidogo. Zahanati ilikuwa wazi lakini haikuwa na dawa wala mkunga. Mtoto hakufika siku ya kupewa jina.

Baba alifika baadaye sana, alipopata ruhusa, amekonda, amebeba chupa iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Koko alikuwa amemtumia mkwewe maziwa. Chombo alichosafiria kilikuwa kimecheleweshwa bandarini, maziwa yalikuwa yameharibika, na harufu ilijaa chumba. Baba akataka kuyamwaga. Mama aliipokea ile chupa, akainywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo. "Mwambie mama yako ni matamu," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mazishi.

Serikali ilipobadilika tena, Baba aliitwa ofisini. Shati likapigwa pasi, bangwe likamchukua, nami nikarudi kukisikia kikohozi chake mlangoni mpaka alipokufa. Koko alikuwa ameshatangulia. Mama hakupanda tena Mvouni.

Sasa ninaishi Moroni, kwenye nyumba ya saruji yenye friji. Mwanangu mkubwa amesoma, hana kazi, na anazungumza na wenzake juu ya boti za kwenda Maore, kisiwa kilichobaki kwa Wafaransa. Juzi nilimsihi twende tukalifufue shamba la Mvouni, nikamsimulia mwaka ule wote. Alinisikiliza kwa heshima.

"Na Babu alipata nini huko, Mama?" akauliza.

Nilitamani mno kumdanganya. "Hakupata kitu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda zake barazani kwa wenzake.