Harusi Kumi na Tisa Alizotuachia Sogea Kidogo

Simu ilimkuta dada mtu ana pini tatu mdomoni, anampima mteja kiuno. Muuguzi aliuliza kama yeye ndiye dada wa yule mpiga video.

"Ndiye mimi."

"Pole sana, dada yangu. Moyo umesimama saa tatu hii. Tumejitahidi, Mungu amempenda zaidi. Samahani kuuliza wakati kama huu. Ile harusi ya mdogo wangu alikuwa ameshaimaliza?"

Dada mtu alizitema pini kiganjani, akaketi juu ya vitambaa vya watu, akalia. Lakini swali lile lilimkaa. Kwao walilelewa kuamini kwamba mtu akifa na amana za watu, roho yake haitulii mpaka wenyewe wamsamehe. Mdogo wake alikuwa na harusi kumi na tisa ambazo hazijakamilika, zote ndani ya kompyuta moja. Akaapa hazikwi mtu kabla hajasamehewa, akawapigia wenye harusi wote simu waje mazishini.

Marehemu alianza kama karani wa ghala la saruji. Mjomba wao alipostaafu, kijana aliazima kamera, akapiga sherehe nzima bila kutoa kifuniko cha lenzi. Familia ikapata saa mbili za giza na hotuba. Mjomba akasema hajawahi kusikia hotuba zimetulia vile, akamsifia kila alipokwenda. Wiki iliyofuata kijana akaacha ghala.

Kwa miaka ishirini na mbili hakuwa na bosi wala ofisi. Alikuwa na begi, stendi ya miguu mitatu, na maneno mawili aliyomwambia kila mtu hadi yakawa jina lake: sogea kidogo. Filamu yake mwenyewe alitengeneza moja, ya fundi anayesubiri kipuri. Siku ya kuionyesha walikuja watu arobaini, na thelathini na wanane kati yao walikuwa wameigiza humo.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kumkata mtu kwenye video. "Nikimtoa huyu, kesho nikikutana naye nitamwambia nini?" Na harusi inaingia mwaka wa tatu.

Siku ya mazishi, kiongozi wa ibada aliwaita wenye madai. Muuguzi alisimama wa kwanza, akasamehe kwa niaba ya mdogo wake. Wengine wakafuata. Bwana mmoja alishukuru kabisa, maana mke alishaondoka na picha zingemtia hasira bure. Wa kumi na tisa, mama mwenye mtoto mgongoni, alikataa.

"Mimi simsamehe. Miaka sita ananiambia wiki ijayo. Nionyesheni harusi yangu kwanza."

"Mwanangu, mwenzio yuko kwenye jeneza," kiongozi alimwambia.

"Namwona. Yeye angalau anaonekana. Harusi yangu je?"

Dada mtu hakubishana. Aliingia chumbani, akaleta kompyuta, akaiweka mezani kando ya jeneza. Waombolezaji wakasongamana nyuma yake.

Video ilianza na baba wa bibi harusi, kavaa suti na kiatu kimoja, anatafuta cha pili chini ya viti. Anapiga magoti. Anawahoji wapishi. Anamkagua mpiga tarumbeta miguuni. Dakika kumi na saba. Watu wakaziba midomo, mabega yakicheza. Hata kiongozi wa ibada alitazama pembeni.

Yule mama hakucheka. Baba yake alikuwa na miaka miwili kaburini.

"Baba aliniambia amecheleweshwa na foleni ya magari," alisema, uso umekaribia kioo. Akatazama mpaka kiatu kikapatikana. "Na mimi niko wapi?"

"Mbele huko. Dakika nne za mwisho," dada mtu alijibu.

"Basi. Nimemsamehe, na Mungu amsamehe. Ila video hii naondoka nayo."

Kiongozi akafunga sala. Majirani sita wakabeba jeneza hadi makaburini, mwendo wa dakika kumi. Alishushwa saa kumi kasorobo. Dada mtu alitupa mchanga mara tatu, akasema, "Lala, mdogo wangu, hudaiwi." Kaburi likafukiwa, watu wakanawa mikono, wakarudi nyumbani.