Mistari ya chaki ndani ya gauni la Mama Bénie

Saa mbili asubuhi, soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, limeshachangamka. Chini ya baraza la mabati, Honoré Zihindula anakanyaga pedali ya cherehani na midomo yake inacheza. Hasemi na mtu. Anakanyaga, anasimama, anachukua chaki bapa ya fundi na kuandika mstari mmoja upande wa ndani wa kitambaa. Kisha anakanyaga tena.

"Mashine njo biti yangu," anasema bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambako 'ndiyo' ni 'njo'. "Ikienda polepole, na mi naenda polepole. Ikiruka uzi, na mstari unaruka."

Vijana wa kambi wanamwita Chaki, na hilo ndilo jina lake la kuimbia. Ni rapa, na ni fundi. Kila nguo anayoshona hubeba mistari yake siku moja au mbili. Akimaliza kushona anaipiga brashi, anapitisha pasi ya makaa, maandishi yanaondoka. Kufikia hapo wimbo umeshaingia kichwani.

Daftari hana. Mzee Byamungu, aliyemfundisha kazi, hataki karatasi mezani kwake. Karatasi inaleta wino, anasema, na wino ukigusa kikwembe cha mtu, yaani kitenge chake, basi umekinunua.

Jumamosi hii Honoré anakwenda Lilongwe. Amezoea kuimba kwenye harusi na penye vumbi la uwanja. Safari hii ameitwa kwenye ukumbi wenye viti. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini iko mfukoni mwa shati lake, imekunjwa mara nne.

Lakini kwenye kamba iliyo nyuma yake zimetundikwa nguo tano tu. Mwezi uliopita nguo za wateja zilikuwa zinabanana hapo. Wimbo anaoupeleka Lilongwe ndio uliozipunguza.

Honoré ana miaka ishirini na saba. Alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akafika Dzaleka akiwa na miaka kumi na mmoja, ameshikwa mkono na shangazi yake. Mama yake alifariki kwa homa wakiwa njiani. Baadaye shangazi akapata mume katika mji wa Mponela akahamia huko, na mtoto akabaki na blanketi moja na sufuria moja.

"Hakuna mtu alinifukuza," anasema. "Lakini hakuna pia mtu aliuliza kama nimekula."

Akaingia kwenye kundi la wavulana waliokuwa wakizunguka milango ya watu. Walichukua simu, kuku, viatu vilivyoanikwa juu ya mabati. Akiwa na miaka kumi na minane alikamatwa mjini Lumbadzi na simu ya mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akapigwa mpaka mkono wa kushoto ukavunjika. Mkono ule mpaka leo haunyooki vizuri.

Aliporudi kambini, Mzee Byamungu alimwambia akae pale barazani amshikie kitambaa kwa mkono uliobaki. Honoré alishika kitambaa miezi saba kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine.

"Alikuwa anaimba tu, kutwa," Mzee Byamungu anasema. "Nikamwambia, mutoto, imba, lakini mguu usisimame. Sasa bantu banauliza kama hapa ni kwa Byamungu ao ni kwa Chaki. Nabambia mi njo mupiga ngoma wake."

Gauni moja humletea Honoré kwacha elfu nane. Kuimba, mara nyingi, humletea nauli na sahani ya nsima, ugali wa huku. Hata hivyo hajawahi kuacha hata kimoja, na hakuna siku aliyompa mteja nguo iliyokosewa kipimo. Wanaomjua wanalisema hilo kwanza, kabla ya nyimbo.

Mwezi uliopita kwaya ya kanisa ilimpa kazi ya magauni. Siku ya kuyatoa mvua ilinyesha, makaa yakalowa, pasi ikakosa moto. Mama mmoja wa kwaya alikuja mbio mbio, akataka gauni lake. Honoré alilikunja, akampa. Mama alipokwisha kupotea kwenye kona, mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kutafuta brashi.

"Nilibaki nimeishika brashi," anasema. "Kitu ya kupangusa imekwenda."

Mama yule ni Annonciata, ambaye kambini wote wanamwita Mama Bénie, kwa jina la binti yake. Ni mjane, anauza mandazi karibu na bomba la maji. Lakini zamani alikuwa fundi, na mtu aliyewahi kuwa fundi haanzi kulitazama gauni kwa nje. Alipofika nyumbani aliligeuza, aangalie mishono. Akakuta maandishi:

*Jumapili saa ine, bote beko banaimbia,*
*mulango ya Mama Bénie na kijiko nikafungua,*
*mashine yake ya kushona nikaitia mu gunia,*
*akatoka kanisani, akaona, akalia.*

Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu mashine ile iibwe. Honoré alikuwa na miaka kumi na mitano, na aliiuza sokoni Mponela kwa mtu asiyemjua. Mama Bénie aliwashuku majirani wawili, mmoja wao akahama bila kuagana naye. Sasa alimjua aliyeiba. Ni yule yule aliyempima mabega kwa adabu, akamwita Mama.

Siku tatu aliuza mandazi yake kama kawaida. Siku ya nne alikuja barazani na gauni mkononi. Mzee Byamungu alipouona uso wake alikumbuka ghafla kwamba uzi mweusi umekwisha, akaondoka kwenda kuununua, ingawa uzi mweusi ulikuwa pale mezani.

Mama Bénie alilitandaza gauni, ndani nje, akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Hapa umedanganya," alimwambia. "Sikulia. Nilipapasa na mukono fasi mashine ilikuwa, nikafikiri nimeingia mu nyumba ya bengine. Nililia mwezi wa kenda, batoto bakirudi masomo. Mi fundi, nikaenda kuomba fundi mwingine anishonee Bénie iniforme. Siku ile njo nililia."

 Honoré aliomba msamaha, akachukua brashi, akasema wimbo ule, aliokuwa ameuandaa kwa ajili ya Lilongwe, hautaimbwa popote. Mama akamshika mkono, ule usionyooka.

"Usipanguse. Tengeneza. Na Lilongwe hauendi kuiimba kwanza. Kule batakupigia makofi, habanijue. Utaiimba hapa, Jumapili, bantu bakitoka kanisani, na mi nikiwa nimesimama."

Honoré aliomba siku moja ya kufikiri. Fundi anaishi kwa vitambaa vya watu. Nani ataacha kikwembe chake cha harusi kwa mtu aliyebeba mashine ya mjane kwenye gunia? Na baraza si lake, ni la Mzee Byamungu, na jina likichafuka yatachafuka mawili. Alipomweleza mzee, mzee aliuliza tu kama wimbo wenyewe ni mzuri. Honoré akasema ndiyo. Mzee akamwambia basi, wateja wakikimbia, wao wawili watashona viraka vya suruali zao wenyewe.

Jumapili ile aliimba bila muziki, akipiga mguu chini kama aliye kwenye pedali. Mstari wa kulia aliutoa. Mahali pake aliweka kiganja kinachopapasa na fundi anayeomba fundi mwenzake amshonee mtoto. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi.

Mwanaume mmoja, Fabrice, akasema kwa sauti wote wasikie kwamba sasa watu walete vikwembe vyao, mwizi atavipima vizuri. Watu wakacheka. Mama Bénie hakucheka.

"We Fabrice," akasema, "hiyo pantalo umevaa, nani alishona?"

Fabrice akaitazama suruali yake. Kicheko kikahamia kwake.

Lakini kicheko hakirudishi wateja. Juma lile nguo kumi na moja zilichukuliwa nusu zimeshonwa. Dada mmoja aliondoka na blauzi yake ingali na pini. Honoré alimpa kila mtu cha kwake, kimekunjwa vizuri, bila kunung'unika. Siku zote hizo Mzee Byamungu alikuwa akimchemshia chai.

Jumatatu iliyofuata mtu wa kwanza kufika na kitambaa kipya alikuwa Mama Bénie. Anaulizwa kama amemsamehe.

"Nusu," anajibu. "Nusu ingine iko mu mashine."

Hasemi hivyo kwa mafumbo. Tangu siku ile, kila alasiri mandazi yakiisha, anakuja barazani na kukaa kwenye cherehani ya Honoré. Honoré anasimama kando na kumshikia kitambaa, kama alivyomshikia mzee ile miezi saba. Magauni mawili kati ya zile nguo tano zilizo kwenye kamba ni ya wateja waliokuja kwa sababu ya mikono ya mama.

Jumamosi, Honoré akiwa Lilongwe, mashine itabaki kwa Mama Bénie. Ufunguo wa kifuniko ameshapewa.

"Nataka zikuwe mashine mbili chini ya bati hii," Honoré anasema. "Moja ya kwake, niinunue sokoni muchana, bantu banaona. Kama wimbo utanifikisha kwa ile mashine, sawa. Kama hautanifikisha, nitashona mpaka nifike."

Leo Mama Bénie amewahi, mandazi yameisha mapema. Anamwonyesha kwa kidevu aondoke kwenye kiti. Kisha ananyoosha mkono na kuitoa chaki mfukoni mwa shati la Honoré, pale ilipokaa na karatasi ya ruhusa.

"Hii inabaki," anamwambia. "Kule unaenda kuimba, hauendi kukata gauni."

Anachora mstari mmoja ulionyooka, anaweka mguu kwenye pedali, anaanza. Mguu wake ni mwepesi kuliko wa Honoré. Uzi haukatiki, sindano hairuki. Honoré ameshika ncha ya kitambaa, anasikiliza, na baada ya muda kidogo midomo yake inaanza kucheza.

"Mama, usipunguze," anasema. "Huu njo mwendo nitaimbia Lilongwe."