Sala za Kukimbia, Mbuya Hadi Ggaba

Enzi zetu sisi watoto wa Mbuya, wanajeshi wakitawala nchi, mtu hakungoja viatu maalumu ndiyo akimbie. Ulikimbia na gauni lako la shule na ndala zilizokatwa kwenye tairi la lori. Tulikimbilia foleni ya sukari. Tulikimbia tukicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, na jioni tulikimbia tukisikia harufu ya mukene, dagaa wetu wale, inatoka jikoni. Baba alikuwa mpishi wa jeshi, mtu wa Arua, na hakutaka mchezo na chakula: "Anayechelewa atalamba sufuria!" Na kweli nimeilamba, mara nyingi tu.

Lakini nilitaka kusema habari za Mama. Mnisamehe nikipotea njia, shule yangu iliishia darasa la nne.

Serikali ilifunga makanisa madogo ya waliookoka. Letu la mabati likatiwa kufuli. Mama na wenzake wakawaza: tukikusanyika nyumbani tutakamatwa. Lakini Mbuya ni kilima cha jeshi, watu wanakimbia kila asubuhi, nani atamuuliza mtu anayekimbia? Basi wakaanza kusali wakikimbia. Kukipambazuka tunateremka, Mama mbele, nyuma yake Nalongo, jirani yetu mwenye mapacha, halafu wanawake wengine wawili na mimi. Mguu wa kushoto "Yesu," wa kulia "nishike." Penye mlima mkali tunawaombea wagonjwa. Tukifika Kabalagala tunageuka, na hapo ndipo penye amina.

Asubuhi moja koplo wa kizuizi cha Kabalagala akatusimamisha.

"Nyinyi nakimbia kila siku. Watu nasema nyinyi ni kanisa."

"Tunakimbia, afande, kama unavyoona," Mama akasema. Uongo hakuupenda, na hapo hakusema uongo.

Koplo akacheka. Kwake yeye mtu wa dini alikuwa mtu wa kukaa na kupiga magoti, miguu imelegea kama matoke yaliyopikwa sana. "Sawa. Kimbia mpaka Ggaba, kule ziwani, mimi nafuata na gari. Mtu ya kanisa haiwezi. Moja akisimama, wote ndani."

Ndani, siku hizo, wengine waliingia wasionekane tena. Na Mama alikuwa mnene, hajawahi kukimbia kupita Kabalagala.

Nalongo akanong'ona, "Mama Candiru, leo tutawaombea mpaka wagonjwa wa Kongo." Candiru ni mimi.

Tukaondoka, Land Rover inanguruma kwenye visigino vyetu. Kansanga tukapita, watu wanakaanga mihogo, wakatuona wakainamisha macho. Kufika mlima wa Bunga, pumzi ya Mama ikawa kama msumeno. Miguu yake ikaanza kukosana. Kumwombea kwa sauti siwezi, koplo yuko pale pale. Nikaanza kuguna tu wimbo wetu wa kufungulia ibada, bila neno hata moja, mm-mm, mm-mm. Nalongo akadaka, na wale wengine wakadaka. Mama akaushika mdundo, kichwa kikainuka.

Basi sikieni: koplo akatoa mkono dirishani, akawa anaupigia wimbo wetu ngoma kwenye mlango wa gari! "Kaza! Hiyo ndiyo ya jeshi!" Nalongo aliuma mdomo mpaka ukavimba. Kucheka kulikuwa kosa, na mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Hakuna aliyesimama. Kule Ggaba Mama alishikilia meza ya wauza samaki, jasho linadondokea sangara wa watu. Koplo akawatangazia wachuuzi: "Hawa si kanisa! Kanisa iko na magoti, haina miguu." Akageuza gari akaenda zake.

Mama alipopata sauti akaniambia, "Mpaka Bunga nilikimbia mwenyewe. Kuanzia pale nilibebwa." Tangu siku ile amina yetu ikahamia Ggaba, na tulifika huko tukikimbia mpaka utawala ule ulipoanguka. Mwili wa Mama ulipungua, ila imani ilinenepa.

Vijana wa leo wanakimbia na nyaya masikioni, simu inawahesabia hatua, na wakimaliza mtaa mmoja wanajipiga picha kama wamevuka Sahara. Kanisa la jirani yangu lina spika kubwa mpaka mbwa wamehama. Nanung'unika, lakini siombi lifungwe, hata siku moja.

Ninaye mjukuu, Grace, anakimbia mbio ndefu. Juzi alikuwa anapanda kilima chetu, anaomba kwa sauti yake yote, barabarani, mchana kweupe. Nikashika ukuta, mwili wangu wa zamani uliogopa. Mwanajeshi wa lindo akamgeukia, akapaza sauti, "Na mimi niombee, dada!" Grace akainua mkono bila kusimama, akamuuliza jina lake.