Kikao cha Wawili

Miaka ya tisini kanisa letu la Kaloleni, Nairobi, lilikuwa na sheria moja ya ushauri wa ndoa: mume na mke husikilizwa pamoja, chumba kimoja, Biblia mezani katikati yao. Kumsikiliza mmoja pembeni tulikuita umbea. Mimi ndiye niliyekuwa mshauri wa akina mama. Nilikuwa nimehudhuria semina ya wiki mbili, nikarudi na cheti na kiburi, na sheria hiyo niliilinda kwa jino na ukucha.

Basi yule dada aliponifuata bombani asubuhi moja, akaniomba tuongee wawili tu, nilimkata kauli.

"Kuja na mzee wako," nikamwambia.

"Mama, naogopa."

"Unaogopa nini na Mungu yuko?"

Nikikumbuka maneno hayo leo natamani kujizaba kofi.

Mumewe alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu mpole, wa kutaniana na watoto. Mimbari yetu aliichonga yeye, kwa kujitolea, na wazee wa kanisa walimpenda kupita kiasi. Jumamosi alasiri waliketi mbele yangu na pasta. Mume akasema hana neno. Mke akatazama sakafu. Nikamhimiza aseme ukweli wote, kwamba asiposema hatuwezi kumsaidia. Nilimhimiza mara tatu. Ndipo akasema kwamba mumewe humbana mkono juu ya gogo la kuchongea, akainua tezo, ile ya kuchongea mbao, na kumuuliza ametoka wapi. Alisema mpaka siku hiyo mumewe hajawahi kuishusha.

Mume akalia. Akapiga magoti, akaomba msamaha, na pasta akalia pamoja naye. Tukawashikanisha mikono, tukaimba, tukawasindikiza hadi langoni. Nilifurahi sana. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Chai yetu ilikuwa haijapoa jirani yao alipoingia mbio, mguu mmoja hauna kiatu. "Kujeni," akasema. "Huyo mtu anaua bibi yake."

Tulikimbia. Mlango ulikuwa umekomewa. Ndani tulisikia vishindo tu, hakuna kilio. Wanaume watano walikuwa wamesimama pale nje, na mmoja akaniambia mambo ya nyumba ya mtu ni mazito. Niliokota tofali nikapiga mlango hadi komeo likang'oka.

Damu ilikuwa imeruka ukutani hadi juu ya dirisha. Dada alikuwa sakafuni, uso umevimba hata macho hayaonekani. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa juu ya gogo, peke yake. Mume alisimama na tezo mkononi, hatetemeki, akaniangalia kwa upole uleule wa kanisani.

"Mimi nimeshatubu, mama mshauri," akasema. "Sasa ni zamu yake."

Nilimpiga kwa lile tofali. Lilimpata tayani, meno yakamwagika, akaanguka, nikampiga tena akiwa chini. Ningeendelea, ila wale wanaume watano walipata ujasiri ghafla, wakaja kunishika mimi. Sitaficha: kila pigo nililifurahia.

Polisi walimchukua. Siku ya tatu wazee wetu wakaenda kumtoa, wakisema ndoa hiyo itatengenezwa kanisani. Pasta akapanga kikao kingine Jumamosi, cha wawili kama kawaida, na mimi nikatumwa hospitalini nikamtayarishe mke.

Nilimkuta amegeukia ukuta. Nikamwambia nilikosea, kwamba mimi ndiye niliyemkabidhi kwa mumewe. Hakuniambia nimesamehewa. Aliuliza jambo moja tu.

"Mtanikalisha na yeye tena?"

Niliondoka nikampigia simu kaka yake. Ijumaa asubuhi tulimfunga leso kichwani, tukampitisha mlango wa nyuma wa wodi, na kufika saa sita mchana yeye na kaka yake walikuwa wameshatoka Nairobi.

Jumamosi mume alifika, bandeji imemzunguka taya. Pasta akafungua Biblia, akaomba, kisha akaniuliza, mbele ya huyo mume, mkewe yuko wapi. Akanikumbusha kwamba mshauri hafichi kitu. Mume akanigeuzia macho taratibu, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Mbele ya macho hayohayo ndipo alipokuwa ameketi yule dada, na mimi namhimiza aseme ukweli.

Kijiji alichopelekwa nilikijua. Nyumba niliijua, na hata rangi ya mlango wake.

"Sijui," nikasema.