Shikamoo ya Bi Tausi

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimeyaandika na kuyachana mara nyingi kwa kuogopa kukosea neno, maana kusoma na kuandika nimejifunza peke yangu, na ni neno moja tu lililoniletea mambo haya yote.

Niliolewa Tabora mjini, mtaa wa Kanyenye, wakati huu wa Mwingereza, nikitokea kijijini Usinge. Nilichokiogopa kuliko vyote ni kuchekwa ushamba. Basi nikawa namwamkia kila mtu. Wifi yangu akanicheka vilevile: "Huyu mke wa kaka ataamkia hata mbuzi!"

Alasiri moja, jua bado kali, nilikuwa natoka kisimani na debe kichwani. Kwenye njia ya Gongoni nikakutana na bibi kizee aliyevaa kaniki, mkononi ana kovu kubwa la moto. Nikatua debe, nikapiga goti kama tufanyavyo kwetu.

"Shikamoo, bibi."

Akasimama kama aliyepigwa kofi. "Umesemaje?"

Nikajiuliza: Nimekosea wapi tena?

"Shikamoo."

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Akafumba macho. "Marahaba," akasema polepole, kama mpishi anayeonja chakula alichowapikia wengine maisha yake yote. Nikainama kuchukua debe. Nilipoinua uso, njia ilikuwa tupu, na vumbini, niamini, zilikuwamo nyayo zangu tu.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe anapepeta mchele, nikamsimulia. Nilipotaja kovu, ungo ukamponyoka.

"Huyo ni Tausi. Tulimzika kabla hujaletwa hapa."

Kidogo kidogo akanieleza. Tausi aliletwa na msafara kutoka Manyema angali mtoto, babu yake mama mkwe akamnunua. Kovu lile alilipata akimwopoa mama mkwe motoni, siku alipotambaa hadi kwenye mafiga. Ndiye aliyemlea. Mwingereza alikwisha kusema hakuna mtumwa tena, lakini vinywa vya mji havikusikia. Tausi akazeeka, na hata watoto wadogo walimwita "we Tausi."

"Siku ya kufa aliniomba, 'Niamkie, japo mara moja.' Nikamwambia homa imempanda kichwani. Nikacheka, mwanangu. Akakata roho nacheka."

Tangu alasiri ile, kila ninapomwamkia mtu, nasikia "marahaba" nyuma ya bega langu kabla mwenyewe hajaitika. Naisikia mimi tu. Nilipomwambia mama mkwe, naye akawa anakwenda nami njia ya Gongoni, anapiga goti vumbini, mwungwana yule, anaita, "Shikamoo, Bi Tausi!" Watu wakasema kaingiwa na wazimu. Tukirudi huniuliza, "Umesikia?" Ningemdanganya? Nilitamani, nikashindwa. Sikuwa nimesikia kitu.

Wakati wa masika mama mkwe akaugua. Jioni moja alinishika mkono, akatazama mlangoni.

"Shikamoo, mama," akasema. Hakuwahi kumwita Tausi hivyo.

Tukasubiri sote wawili. Mlango ulikuwa wazi, mvua inanyesha. Nilikuwa bado nimetega sikio mkono wake ulipolegea.

Wewe unayesoma, kama yuko mtu uliyemnyima salamu yake, nyanyuka ukampe, angali na pumzi ya kukuitikia. Mimi siku hizi wazee nawaamkia kwa kunong'ona, na bado Bi Tausi huwahi kuitika.